Simu janja ya kazi ni nzuri, lakini tusiwaache wenye vitochi



Msimu uliopita mwajiri wangu alinikabidhi simu janja ya kazi. Nilisaini fomu, nikapewa na chaja yake, nikarudi kijijini na furaha tele. Kabla ya hapo nilitumia kitochi ambacho nikikichaji Jumatatu kinanifikisha Alhamisi. Leo nataka niseme maoni yangu kuhusu simu hii. Nimeiona faida yake, na pia nimewakosea baadhi yenu kwa sababu yake.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za tabu. Chaji iliisha saa nane mchana nikiwa katikati ya mashamba. Kioo hakikusikia kidole chenye tope. Picha zilitoka na ukungu, kumbe kamera ilikuwa imejaa vumbi la barabarani. Siku moja mkulima ananieleza shida ya nyanya zake, mimi nimeinama najaza fomu kwenye simu, akaniuliza, "Bwana shamba, unaongea na mimi au na hiyo simu?" Niliona aibu. Tangu siku hiyo nasikiliza kwanza, najaza fomu baadaye.

Lakini faida zipo, nisiwe mnafiki. Mzee mmoja alikuwa akihesabu shamba lake kuwa ni ekari tatu. Tulipozunguka mipaka na simu, zikatoka ekari mbili na robo. Miaka yote alinunua mbegu na mbolea za ekari tatu. Hiyo ni hela iliyokuwa inatoka mfukoni bila sababu. Kwa kazi ya namna hiyo, simu hii sitaki kuirudisha.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilipozoea simu, nilifungua kundi la WhatsApp la wakulima. Ilikuwa rahisi mno. Zamani nilipiga simu kwa mabalozi, nikabandika tangazo kwenye ofisi ya kijiji, nikapita kwenye gulio. Sasa nabonyeza mara moja, watu wanajibu "Asante mtaalamu", nami najiona nimemaliza kazi.

Mahindi yalipofika magotini niliona dalili za kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika, aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa hapa Tanzania. Niliandika kwenye kundi: kagueni mahindi leo, msisubiri. Waliosoma walikagua na wengi waliwahi.

Siku kumi baadaye nilifika kitongoji cha mwisho. Mama mmoja aliitikia shikamoo yangu, akanipeleka shambani bila maneno mengi. Majani yalikuwa yametobolewa, na pale kwenye kiini cha mhindi palijaa kinyesi kama unga wa mbao. Viwavi walikuwa wakubwa, wamejificha ndani, dawa haiwafikii vizuri. Nikamwambia, "Mama, mbona nilituma ujumbe?" Akafungua pindo la kanga, akatoa kitochi chake. "Mwanangu, umetuma wapi? Namba yangu si unayo?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye daftari langu la zamani, ambalo niliacha kulifungua tangu nipate simu mpya. Kiwavi huyu anapigwa akiwa mdogo. Siku kumi ndizo zilizomkosesha yule mama sehemu kubwa ya mavuno yake, na siku hizo nilizipoteza mimi, si yeye.

Wapo wenzangu wanaosema dawa yake ni kila mkulima anunue simu janja, dunia imebadilika. Mimi siafiki. Simu janja inataka bando, na inataka chaji karibu kila siku. Asiye na umeme wala sola analipia kuchaji dukani. Kuna vitongoji ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu. Na kuna wazee ambao macho hayasomi tena maandishi madogo. Isitoshe, huduma ya M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo inapatikana kwa kubonyeza *152*00#, hata kwenye kitochi. Kama wizara imemkumbuka mwenye kitochi, mimi ninayekaa naye kijijini nina sababu gani ya kumsahau?

Maoni yangu ni haya: kifaa kipya cha ofisi kiongezwe juu ya njia za zamani, kisizifute. Njia mpya ikimfikia mwenye nacho peke yake, basi huduma ya serikali imegeuka kuwa ya wenye simu.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu. Tahadhari yoyote ya wadudu, magonjwa au mvua natuma kwenye kundi, halafu natuma SMS ya kawaida kwa namba zote za kwenye daftari. Kwa wasiosoma nawapigia mabalozi, na wao wananijibu wamefikisha kwa kaya ngapi. Tangazo la karatasi limerudi kwenye ubao wa kijiji.

Nanyi mnisaidie kwa mambo haya.

Kwanza, mwenye simu janja awe na jirani mmoja mwenye kitochi wa kumpasha habari. Ukisoma tahadhari, mwambie siku hiyo hiyo.

Pili, msisubiri ujumbe wangu. Mahindi yakiwa machanga, kagua shamba mara moja kwa wiki. Simama sehemu tano tofauti, kila sehemu tazama mimea kumi. Ukikuta mimea kumi au zaidi kati ya hiyo hamsini imeshambuliwa, nipigie simu kabla ya kununua dawa. Mkipuliza, iwe asubuhi mapema au jioni, ndipo kiwavi anapotoka kula.

Tatu, mkinitumia picha, futeni kamera kwanza, kisha mtume tatu: shamba zima, mmea mzima kuanzia kwenye udongo, na jani kwa karibu pande zote mbili. Niambieni mlipanda lini, mbolea gani mliweka na mvua ilinyesha lini. Mahindi yanaweza kuwa ya njano kwa kukosa mbolea, na yanaweza kuwa ya njano kwa sababu maji yamesimama shambani. Picha ya jani peke yake inaweza kunidanganya, nikakununulisha urea ya bure.

Nne, kwa wafanyabiashara: picha ya mahindi haionyeshi unyevu. Usilipie mzigo kwa kuona picha nzuri. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu na mahindi, tikisa kwa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yatavunda ghalani. Na mtu akikuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii", hata kama jina unalijua, mpigie kwanza usikie sauti yake.

Tano, nikija kupiga picha shambani kwako, una haki ya kuniuliza picha inakwenda wapi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina, namba na shamba lako ni taarifa zako.

Yule mama nilimwomba radhi mbele ya mumewe. Msimu huu namba yake ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu ya SMS. Juzi alinipigia mwenyewe: ameona mayai ya mdudu chini ya jani, tena kabla yangu. Nilichukua pikipiki nikaenda, simu janja ikiwa mfukoni.

Kama una kitochi na hujapata SMS yangu msimu huu, nipigie au nifuate kwenye gulio. Daftari ninalo mkononi.