Mgombea mwanamke tunamuuliza mume, mwanamme tunamuuliza barabara

Nawaandikia kutoka Mbuba, wilayani Ngara, ambako ndoa ilinileta kutoka kisiwani. Huku migomba iko kila upande, Rwanda na Burundi ni majirani, na Waislamu si wengi kama kwetu. Lakini msimu wa kampeni ukifika, maneno ni yale yale niliyoyaacha Unguja. Akisimama mwanamke, swali la kwanza ni kama mumewe karidhia. Akisimama mwanamme, tunamuuliza barabara na maji.

Mimi silichukii swali la nyumbani. Anayeomba amana ya watu wengi, ni haki tujue anavyoichunga amana ya watu wachache walio chini ya paa lake. Ninachokichukia ni kuuliza upande mmoja. Mwanamme mwenye wake wawili na watoto wasiolipiwa ada ya skuli anapanda jukwaani, tunampigia vigelegele, na hakuna anayetaka kujua nyumbani kwake wamekula nini.

Tumtazame Bi Samia Suluhu Hassan. Nataka tumuweke kando kwanza yule Rais, tumrudie mgombea ubunge wa Makunduchi wa mwaka 2010. Alizaliwa huko huko Makunduchi tarehe 27 Januari 1960, baba mwalimu, mama wa nyumbani. Akamaliza sekondari mwaka 1977, akaajiriwa ukarani serikalini, na mwaka 1978 akaolewa na Bwana Hafidh Ameir, ambaye kazi yake ilikuwa ofisa kilimo. Yaani bi harusi wa miaka kumi na minane, wa shamba, mwenye kazi ya mshahara mdogo. Wangapi kati yetu tuna shangazi wa namna hiyo?

Sasa mabi harusi wangu, fuateni hesabu ya miaka. Masomo ya Mzumbe, kule Morogoro, ni kuanzia 1983 hadi 1986. Ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ni 1992 hadi 1994. Yote haya ni baada ya ndoa. Wamejaaliwa watoto wanne. Mwaka 2000 akaingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalumu na akapewa uwaziri, na miaka kumi baadaye ndipo akaomba kura za jimbo, akazipata.

Na Bwana Hafidh? Hata leo wengi wenu mkipishana naye njiani hamtomjua. Hasimami majukwaani, hatoi hotuba. Watu hulitaja jambo hili kwa kicheko, kana kwamba mume asiyeonekana ni mume aliyeshindwa. Mimi naona kinyume chake. Mwanamme anayeweza kukaa kimya mkewe anapopigiwa makofi anajiamini kuliko yule anayeshindwa kulala kwa sababu mshahara wa mke umempita kwa shilingi elfu hamsini.

Bi Samia ni mhafidhina kwa mavazi na kwa maneno. Mtandio haumtoki kichwani, salamu yake huanza kwa jina la Mola, na lugha yake ni ya mama wa Kiswahili. Hili limewapa moyo wasichana wengi wa Kiislamu, nami nikiwemo. Nilisomea bara ambako niliambiwa waziwazi na mtu wa ofisi moja kwamba nikivua mtandio nitapata kazi upesi.

Lakini uhafidhina wake nao una mahali unapotuumiza. Agosti 2021, akiipokea timu ya vijana wa kiume, aliwazungumzia wachezaji mpira wanawake kuwa vifua vyao viko bapa, na kwamba umbo hilo linawaharibia nafasi ya kuolewa. Wapenzi, nilisikitika. Msichana anayepeleka tuzo nchini kwake hakuja kuombewa mchumba. Na mwanamke aliyeolewa akasoma, akafanya kazi na akagombea alikuwa na la kuwaambia mabinti wale zaidi ya umbo lao. Ni yeye yule ambaye, mwaka huo huo, serikali yake iliondoa zuio lililowafungia skuli wasichana waliozaa. Mtu mmoja, mambo mawili, na yote ni ya kweli.

Tena niseme wazi, maana kuna wenzetu wanaona ukishasifu mtandio umesifu utawala. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliacha familia zikizika watoto wao. Swala tano na stara ni baina ya mja na Mola wake. Damu ya raia ni hesabu nyingine, na kiongozi aliyevaa vizuri anaulizwa sawa na aliyevaa vibaya. Sisi wanawake wa dini ndio tungelikuwa wa mwanzo kuuliza, badala ya kunyamaza kwa kuwa ni mwenzetu.

Kilichonituma kuandika, hata hivyo, ni jambo dogo zaidi. Naletewa maswali na mabinti wanaojiandaa na harusi: rangi ya hina, singo ya siku ngapi, gauni la walima. Nayajibu kwa furaha, napenda hina kuliko kitu. Lakini ni wachache mno wanaouliza namna ya kumwambia mchumba kwamba wanataka kusoma tena, au kwamba iko siku wanataka kugombea udiwani. Wanangojea hadi mimba ya pili, wakati neno "nilidhani unajua" limeshakuwa ugomvi.

Liseme mbele ya walii wako, mahari hayajapokewa. Sema nani atabaki na watoto ukiwa chuoni, na nani atalipa nauli. Kama mnataka liwe sharti la ndoa, mkalieni na sheikh anayejua fiqhi awaeleze lipi linashika na lipi halishiki, maana maulamaa wamehitilafiana. Akikubali, vizuri. Akikunja uso kwa neno "udiwani" tu, umelijua jibu lake kabla hujahamisha kitanda.

Na uchaguzi mwingine ukija, awe Ngara au Makunduchi, mgombea mwanamme akiomba maswali, nyoosheni mkono mumuulize mkewe yuko wapi na anasoma nini.