Msimfunge Mgeni Kamba ya Ugonjwa

Kuna imani inayopendwa sana kwenye mabaraza ya kahawa na kwenye vikao vya mawaziri pia: kwamba ugonjwa huletwa na mgeni. Kikizuka kipindupindu, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkimbizi. Kifua kikuu kikiongezeka, analaumiwa mhamiaji. Ikija homa isiyo na jina, watu huanza kuulizana ni nani pale mtaani mwenye lafudhi ya kwingine. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na siku za maradhi kamba hiyo hukazwa zaidi.

Wenye imani hii hudai kuwa ni tahadhari tu, kwamba wanalinda afya ya wananchi. Nasema hawamlindi mtu. Wanamfanya mgonjwa ajifiche na mtaalamu anyamaze, kisha wanatuachia ugonjwa uleule, umekomaa.

Tuanze na Novemba 2021. Kipimo cha PCR kilichokuwa kikitumika sana Afrika Kusini hutafuta sehemu tatu za virusi vya Korona. Katika maabara moja binafsi mkoani Gauteng, wataalamu wakaona jambo lisilo la kawaida: majibu ni chanya, lakini sehemu moja kati ya zile tatu haionekani. Ingekuwa sampuli moja, wangesema ni hitilafu ya kipimo. Zilipofuatana, ikabidi visomwe vinasaba vyake. Wakati huohuo mjini Gaborone, Botswana, mtaalamu wa virusi Sikhulile Moyo na wenzake walikuwa wanatazama matokeo yenye mabadiliko mengi kupita kiasi. Tarehe 25 Novemba, katika mkutano na waandishi wa habari ulioitishwa na Waziri wa Afya wa Afrika Kusini, Profesa Tulio de Oliveira akaieleza dunia kwamba kuna aina mpya ya kirusi, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye ile miiba inayotumiwa kuingia ndani ya chembe za mwili. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likaipa jina la Omikroni.

Asante waliyopewa ilikuwa kufungiwa milango. Uingereza ilizuia mara moja safari kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani ikafuata kwa nchi nane, zikiwamo Malawi na Msumbiji. Rais wa Malawi wakati huo, Lazarus Chakwera, aliona ni chuki dhidi ya Waafrika, na akasema hivyo hadharani. Siku chache baadaye Uholanzi ikatangaza kwamba kirusi hicho kimeonekana kwenye sampuli zilizochukuliwa nchini mwake tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla hata Afrika Kusini haijatangaza lolote. Milango ilifungwa wakati kirusi kimeshalala ndani siku kadhaa. Marekani ilipoondoa marufuku yake tarehe 31 Desemba, Omikroni ilikuwa ikienea miongoni mwa Wamarekani wenyewe kwa kasi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuiona tangu janga lianze.

De Oliveira hakukaa kimya. Alizitaka nchi tajiri zisaidie badala ya kubagua. Akatoa pia hoja ya kiufundi ambayo mwanasiasa asingeifikiria: ndege zikisimama, vitendanishi vya maabara navyo havifiki, na bila vitendanishi hakuna wa kukifuatilia kirusi hicho kwa niaba ya dunia nzima. Nyumbani nako hakupata raha. Walikuwapo waliomwona kama mtu aliyewaharibia msimu wa watalii, na polisi wakalazimika kuchunguza vitisho dhidi ya wanasayansi mashuhuri wa Korona, yeye akiwamo.

Sasa tazama hawa waliogundua ni nani. De Oliveira amezaliwa Brazili, mama yake ni wa Msumbiji, naye alihamia Afrika Kusini miaka ya 1990. Moyo amezaliwa Zimbabwe na anafanya kazi Botswana. Wote wawili ni wahamiaji. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, labda hawakuwa wakifikiria maabara, lakini kauli yao imesimama. Kama nchi hizo mbili zingewakataa wageni hawa kwa jina la usalama wa afya, dunia ingechelewa kupata onyo, na sijui nani angefaidika.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Turudi Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona kuthibitishwa Kenya, tarehe 13, alikuwa Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Wa kwanza Tanzania, tarehe 16, alikuwa Mtanzania aliyetoka Ubelgiji na kutua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Wa kwanza Uganda, tarehe 21, alikuwa Mganda aliyetoka Dubai. Hao si wakimbizi wala wahamiaji haramu. Ni wananchi wenye pasipoti halali, waliokuwa wanarudi makwao.

Kamba, hata hivyo, akafungwa dereva wa lori. Kwenye mipaka ya Malaba, Namanga na Mutukula, malori yalipanga foleni za kilomita nyingi. Madereva walisubiri majibu ya vipimo siku baada ya siku. Walipika chini ya matela na kulala humohumo, vyoo na maji vikiwa vya kubahatisha. Mtu anayetakiwa asisogeleane na wenzake akafungiwa mahali ambapo hana budi kusogeleana nao. Walipopita mijini wakaitwa Korona. Uganda ikafikia hatua ya kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa. Takwimu zikapendeza, ugonjwa haukupungua.

Utaambiwa kwamba madereva walikutwa na virusi kwa wingi, hivyo shaka ilikuwa ya haki. Walikutwa kwa sababu ndio waliopimwa zaidi. Ukimpima mtu mmoja kila anapovuka mpaka, na mtaa mzima usiupime hata mara moja, utashangaa nini ukimkuta nao yeye peke yake? Wakati huohuo, Aprili 2020, Waafrika waliokuwa Guangzhou, China, Wakenya wakiwamo, walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kulazimishwa karantini hata wale ambao hawakuwa wamesafiri. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini yale tuliyoyalaani kule ndiyo tuliyokuwa tukimfanyia dereva wa jirani yetu hapa.

Imani hii ina historia, na historia hiyo imejengwa kwa mawe katika miji yetu. Mwaka 1902 tauni ilipotokea Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya jamii, aje aangalie hali ya usafi katika makoloni ya huku. Alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na katikati yao uachwe ukanda wa ardhi tupu. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kitabibu: malaria, tauni, tabia za watu. Dar es Salaam nayo ikawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa ndio uwazi wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Mwafrika, aliyekuwa kwao, ndiye aliyegeuzwa tishio la kiafya. Mabomba ya maji na mifereji ya maji machafu vilitangulia Uzunguni. Uswahilini walikuwa wakiugua kwa kukosa huduma, kisha kuugua kwao kukatumiwa kama ushahidi kwamba walistahili kutengwa.

Ndivyo imani hii inavyofanya kazi hadi leo. Mkimbizi huwekwa kambini, maji ya mgao, vyoo vichache, watu wamebanana. Kipindupindu kikimpata, tunasema amekuja nacho.

Yuko atakayenijibu kwamba magonjwa kweli husafiri na watu. Husafiri, na sikatai. Julai 2014 msafiri mmoja kutoka Liberia alitua Lagos akiwa na Ebola, katika jiji la mamilioni ya watu. Hapo mgeni alileta ugonjwa, hakuna ubishi. Lakini angalia kilichoiokoa Nigeria. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alikataa kumruhusu mgonjwa huyo atoke hospitalini, japo alishinikizwa. Wafuatiliaji wakawatafuta watu karibu 900 waliokuwa wamekutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba. Waliougua wakawa 20, wakafa 8, Daktari Adadevoh akiwa mmoja wao. Tarehe 20 Oktoba nchi ikatangazwa haina Ebola. Kazi hiyo yote ilitegemea kitu kimoja: watu kukubali kufungua mlango na kusema walikuwa wapi na walikutana na nani. Mtu anayeogopa kufukuzwa nchini hafungui mlango huo.

Kwa hiyo tofauti ni kati ya msafiri na mgeni. Virusi hufuata mwendo wa watu, na mwendo tunao sote: mfanyabiashara aliyetoka Dubai, mwanafunzi aliyetoka Ulaya, mahujaji, wanamichezo, mabalozi. Kumpima kila msafiri ni hatua ya afya. Kumpima mwenye pasipoti ya rangi fulani na kumwacha mwingine aliyekaa kiti cha jirani kwenye ndege ileile, hiyo ni chuki iliyovaa koti jeupe.

Afrika Kusini, nchi ileile ya de Oliveira, leo inatuonyesha chuki hiyo inafika wapi. Kikundi kinachojiita Operation Dudula kimekuwa kikisimama milangoni mwa zahanati za umma, kikidai vitambulisho na kuwarudisha wageni, wajawazito na wenye watoto wakiwamo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Gauteng ilisisitiza kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wana haki ya kutibiwa bure, uraia wao uwe wowote. Tuache hata huruma pembeni, tufanye hesabu ya ubinafsi tu. Dozi ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Mgonjwa aliyefukuzwa langoni mwezi wa pili huacha dawa, na bakteria waliobaki mwilini mwake wanaweza kuwa sugu. Jioni atapanda daladala ileile atakayopanda aliyemfukuza. Atakohoa, na kikohozi hakitauliza nani ana kitambulisho.

Chini ya hofu ya ugonjwa mara nyingi iko hofu nyingine: kwamba mgeni atatuchafulia asili yetu. Hapa Waswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na maeneo jirani, kuanzia Manda, Faza na Mtwapa hadi Kilwa na Songo Mnara. Mmoja wa walioongoza utafiti huo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya ambaye kwa miaka mingi amepinga simulizi ya kikoloni kwamba miji ya mawe ililetwa na wageni. Matokeo yalithibitisha mizizi ya Kiafrika, hasa upande wa kina mama. Yalionyesha pia kwamba tangu karibu mwaka 1000, wanaume kutoka Asia, wengi wao Waajemi, walioa huku. Lugha ikabaki ya Kibantu, na watu wakawa wamoja. Anayetafuta damu isiyochanganyika asianzie pwani ya Afrika Mashariki, maana utamaduni tunaojivunia ulizaliwa na watu waliofika kwa majahazi na kukaribishwa.

Basi ni lipi jukumu la mwanasayansi? Wako wanaosema abaki na darubini yake, mambo ya uhamiaji na utambulisho awaachie wanasiasa. Ushauri huo hupewa wataalamu wa upande mmoja tu. Simpson hakuambiwa abaki na darubini alipochora mipaka ya rangi. Maneno yake yaligeuka sera. Mtaalamu anayeombwa kunyamaza ni yule anayesema kwamba mipaka hiyo haina msingi wa kitabibu. Na akinyamaza, wenye kusema hawakosekani. Kipaza sauti kitachukuliwa na mgombea anayehitaji mtu wa kumlaumu kwa uhaba wa dawa, kwa sababu kumlaumu Mrundi au Msomali ni rahisi kuliko kueleza fedha za dawa zilikwenda wapi.

Nawaomba wataalamu wetu wa afya, wa Muhimbili, Makerere, KEMRI na kwingineko: ukizuka ugonjwa na mkasikia jina la kabila au la nchi likitajwa kama chanzo, semeni siku hiyohiyo, kwa Kiswahili cha redioni, jinsi ugonjwa huo unavyoambukiza na usivyoambukiza. Wizara zipime safari, zisipime uraia. Milango ya zahanati iwe wazi kwa yeyote anayekohoa. Nawe msomaji, atakapokuja kiongozi jukwaani kukuambia kwamba hospitali yako haina dawa kwa sababu ya wageni, muulize bajeti ya dawa ya mwaka huu ilikuwa shilingi ngapi na zimetumika ngapi. Asipokuwa na jibu, umeshajua ugonjwa uko wapi.