Rubani akigoma, usicheke haraka

Kama umekulia Garissa, ndege unaijua kwa sauti kabla hujaijua kwa tikiti. Inapita juu ikielekea Wajir au Mandera, na wewe uko chini stejini unangoja basi la Nairobi: kilomita 370 hivi, na kila kizuizi cha polisi unateremka kuonyesha kitambulisho. Kwa hivyo habari ikija kwamba marubani wamegoma, jambo rahisi ni kucheka. Wacha mabwanyenye wagombane, sisi tuna shida zetu. Ngoja kidogo, walalo. Hii shida ni yako pia.

Tuanze na Novemba 5, 2022. Marubani wa Kenya Airways, takriban 400 walio chini ya chama chao KALPA, waliweka chini kofia zao ilhali korti ilikuwa imesimamisha mgomo. Abiria maelfu walikwama JKIA. Shirika likalia kwamba linapoteza Sh300 milioni kila siku. Mitandaoni vijana wenzetu waliwachapa marubani vibaya: mnalipwa pesa ndefu hivyo na bado mnalia?

Lakini waliitisha nini? Si nyongeza. Walitaka shirika lirudishe mchango wake kwenye hazina ya akiba ya uzeeni, uliositishwa wakati wa korona, na walipwe mishahara iliyozuiliwa kipindi hicho. Yaani pesa yao. Novemba 8 jaji akawaamuru warudi kazini kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, na wakarudi. Siku zote hizo makarani wa kaunta, wapakia mizigo na mafundi, ambao korona iliwauma vilevile, walibaki kazini. Wao wana chama kingine, KAWU, na huo haukuwa mgomo wao.

Sasa rudi nyuma miaka mitatu. Machi 6, 2019, picha ilikuwa kinyume kabisa. Waliogoma ni hao wa chini, KAWU, na sababu ilikuwa muungano. Kenya Airways, iliyokuwa imezama kwa hasara (mwaka wa fedha wa 2015/16 pekee ilipoteza Sh26.2 bilioni), ilikuwa imeleta pendekezo la kuendesha JKIA kwa miaka 30. Kiwanja kiko mikononi mwa KAA, mamlaka ya umma inayosimamia viwanja vya ndege. Wafanyakazi wa KAA walijiuliza swali ambalo hata mchuuzi wa maziwa ya ngamia angejiuliza: kwa nini aliyefilisika akabidhiwe kibanda cha anayepata faida? Na wakishaunganishwa, nani atapigwa kalamu? Jibu walilopata asubuhi hiyo ni vitoa machozi na virungu. Kiongozi wao alikamatwa, wanajeshi wakaletwa kukagua abiria.

Juni mwaka huo kamati ya bunge ilikataa pendekezo lile, ikasema afadhali KQ irudishwe serikalini na kila kitu kiwekwe chini ya kampuni moja kuu. Wabunge wakapitisha. Mswada ukaandikwa mwaka 2020. Halafu ukimya. Wafanyakazi wa pande zote mbili waliishi miaka hiyo wakiwa hawajui mwajiri wao wa mwaka ujao ni nani. Hapo ndipo hasira za 2022 zilipoiva, kwa maoni yetu. Korona ilimalizia tu.

Ona mchezo huu. Wa chini wakigoma, walio juu wanaangalia saa. Wa juu wakigoma, wa chini wanasema hao ni matajiri. Na kuna kundi la tatu, waongozaji ndege walio kwenye mnara, ambao Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imewaweka kwenye orodha ya huduma muhimu, kwa hivyo mgomo kwao ni marufuku. Ndege moja, uwanja mmoja, makundi matatu, na mwenye kampuni anaongea na kila kundi kivyake. Mtu akikuambia kwamba hiyo ni bahati mbaya, mwangalie vizuri usoni.

Hatusemi marubani hawana makosa. Mtu anayelipwa mara kadhaa ya mwenzake, na hajawahi kusimama naye siku ya virungu, asishangae akikosa mtu wa kumwonea huruma. Hilo tumewaambia waziwazi, na tutalirudia.

Lakini wewe wa Garissa unaingiaje? Kupitia Wajir. Uwanja wa Wajir uko chini ya KAA, na viwanja vidogo kama huo havijilishi vyenyewe. Vinalishwa na pesa ya JKIA. Ng'ombe ni mmoja, ndama ni wengi. Ndiyo maana kila mpango wa kumkabidhi mtu mwingine huyo ng'ombe, awe KQ mwaka 2019 au Adani wa India mwaka 2024 (naye alitaka miaka 30!), ulipaswa kujadiliwa Wajir na Mandera kabla ya kujadiliwa hotelini Nairobi. Huu ndio uwanja ambao kwa miaka mingi ndege za kutoka Mogadishu zililazimishwa kutua kwanza, ajuza na watoto washuke juani wakaguliwe, ndipo waendelee Nairobi. Kubeba mzigo wa usalama wa nchi tuliweza. Kuulizwa maoni, hapana.

Mpango wa Adani ulifutwa na Rais Novemba 21, 2024. Kumbuka lakini ni nani walioanza kupiga kelele kazini: KAWU tena, Septemba 11, wakisimamisha JKIA tangu usiku.

Na usidhani miungano ni mambo ya KQ tu. Mwaka 2015 mashirika mawili ambayo wazazi wetu wanayajua vizuri, Daallo na Jubba, yaliungana chini ya African Airways Alliance. Mashirika madogo yataendelea kuungana, maana mafuta ni ghali na ndege ni ghali zaidi. Sisi hatupingi kuungana. Tunapinga wafanyakazi kusikia habari hiyo kwenye redio kama sisi wengine.

Pengine nyumbani kwenu kuna binamu anayesomea urubani Wilson. Familia imeuza ngamia, wajomba wa Eastleigh wamechanga, milioni kadhaa zimeenda. Atamaliza na leseni na saa mia mbili hivi za kuruka, kisha ataanza kutafuta nani atampa kiti. Huyo ndiye muungano unamgusa kwanza, maana mashirika mawili yakiwa moja, orodha ya nani mkubwa kazini inapangwa upya, na aliyeingia jana anawekwa mkiani.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. KALPA na KAWU wakae meza moja sasa, wakati hakuna mgomo, waandike pamoja masharti yao kuhusu muungano wowote ujao: kazi, akiba ya uzeeni, na nani anatangulia nani. Kenya Airways ilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya mwaongo mmoja. Kampuni yenye faida huanza kutafutiwa mchumba, na maneno ya posa hayachelewi. Wabunge wetu wa Garissa, Wajir na Mandera nao waulize bungeni, kwa maandishi, ni kiasi gani cha pesa ya JKIA kinachofika Wajir kila mwaka. Ukikutana na wako hapa mjini, muulize kama ameshauliza.