Kioo kikigeuka rangi, mtoto asichapwe kwanza

Nyumba nyingi bado zina sidii za zamani kabatini: za hesabu, za kujifunza kuchapa, za ensaiklopidia ya Encarta ambayo Microsoft waliachana nayo mwaka 2009. Likizo ikifika, mtoto huzifukua, huweka moja kwenye kompyuta ya baba, na baada ya dakika mbili kioo kimebadilika. Picha imejikunyata katikati, nyuso za watu zimekuwa za kijani, au alama zote za kwenye kioo zimevimba na kuhama mahali pake. Baba akirudi kazini anauliza, "Nani kaharibu kompyuta?" Jibu linajulikana kabla hajamaliza kuuliza.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Programu nyingi za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa kioo cha nukta 640 kwa 480 na rangi 256 tu. Kompyuta nyingi za leo zina nukta 1920 kwa 1080 na rangi mamilioni. Programu ya zamani inapofunguliwa huiomba kompyuta ijishushe ifikie kipimo chake, nayo hutii inavyoweza. Programu ikikwama kabla ya kufungwa vizuri, kioo huweza kubaki vilevile, na ndiyo maana alama zinaonekana kubwa kama sahani.

Kuzima kompyuta na kuiwasha upya kwa kawaida hutosha. Isipotosha, mzazi abofye kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo, aingie Display settings, kisha kwenye orodha ya vipimo vya kioo achague kile chenye neno Recommended. Kazi hiyo haihitaji fundi wala nauli ya kumfuata.

Kuifanya programu yenyewe ionekane vizuri kunataka subira kidogo. Kwenye Windows 10 na 11, mzazi abofye kulia juu ya alama ya programu hiyo, achague Properties, kisha Compatibility. Hapo atakuta visanduku vya kuweka tiki. Kimoja huifanya kompyuta ijifanye Windows ya zamani, mfano XP ya mwaka 2001. Kingine, Reduced color mode, hurudisha rangi 256, na hicho ndicho dawa ya nyuso za kijani. Kipo pia cha 640 kwa 480. Kama tatizo ni maandishi madogo yasiyosomeka, aingie Change high DPI settings, aweke tiki kwenye Override, kisha achague System. Ajaribu kimoja kimoja na kuifungua programu kila mara. Anayeweka tiki zote kwa mpigo hatajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu zaidi.

Kazi hii inafaa kufanywa mtoto akiwa amekaa pembeni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona kioo kilivyogeuka na alibonyeza nini. Mtoto aliyekwisha kugombezwa hasemi. Hukana, na wiki ijayo hujaribu peke yake kwa siri.

Siri hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko kioo kugeuka. Mtoto akitafuta mwenyewe intaneti, hukutana na matangazo ya programu zinazodai kurekebisha kioo kwa kubofya mara moja. Nyingine ni virusi vitupu. Kama kompyuta hiyo ndiyo yenye hesabu za duka au nyaraka za kazini, hasara yake ni kubwa kuliko somo lolote la kuchapa.

Zipo programu ambazo hazitafunguka hata mzazi aweke tiki zote. Zile za zamani kabisa, za bit 16, hazikubaliki kwenye Windows ya bit 64, na Windows 11 haina aina nyingine. Hapo tatizo si kioo tena, na fundi anayetaka pesa ya kubadilisha kioo anyimwe. Kwa michezo na masomo ya enzi za DOS ipo programu ya bure iitwayo DOSBox, inayoigiza kompyuta ya wakati ule. Mavis Beacon, yule mwalimu wa kuchapa aliyeanza mwaka 1987, ana matoleo ya DOS pia. (Mwalimu mwenyewe, kwa waliokuwa wakimwamkia, hakuwahi kuwapo duniani; sura ile ilikuwa ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti.)

Familia nyingine huamua kuiacha kompyuta kuukuu yenye Windows XP iwe ya watoto. Si vibaya, ila Microsoft waliacha kuipa XP masasisho ya ulinzi Aprili 2014. Picha za harusi na vyeti vihamishwe kwanza, na mashine hiyo isiunganishwe na intaneti hata siku moja.