Karafuu, Pera na Mkaratusi ni Ndugu

Mwezi huu tuanze na zoezi dogo. Chuma jani la mpera, liinue kuelekea mwanga wa jua ulitazame vizuri. Utaona vitone vidogo vidogo vinavyopitisha mwanga, kana kwamba mtu amelidungadunga kwa sindano. Hayo si matundu, ni vifuko vya mafuta. Lifikiche mkononi, na harufu itakayotoka ndiyo mafuta yenyewe. Jani la mkarafuu au la mkaratusi lina vitone hivyo hivyo, kwa maana miti hii mitatu ni ya ukoo mmoja. Mzambarau nao umo.

Wataalamu wa mimea huuita ukoo huu kwa jina la mhadasi, ule mti mdogo wa nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Wasomaji wa Biblia mnaukumbuka katika Isaya na Zekaria. Bara zima la Ulaya lina aina hiyo moja tu ya asili, lakini duniani ukoo una aina zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa Australia, Amerika ya Kusini na Asia ya kusini mashariki. Hata Afrika tunao wa kwetu, ndugu wa mzambarau wanaoota porini kando ya mito.

Ni ukoo mkongwe. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba majani, maua na matunda ya mkaratusi yaliyogeuka mawe yamepatikana Patagonia, nchini Argentina, nayo yana umri wa miaka milioni 52 hivi. Jambo hili ni la ajabu, kwa sababu leo Amerika haina mkaratusi wa asili hata mmoja. Wote walionao umepelekwa na watu. Zamani hizo Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa karibu sana, na barafu haikuwa imeifunika Antaktika kama leo. Baadaye mabara yaliachana, kila tawi la ukoo likashika njia yake. Mpera na mzambarau huzaa matunda laini, nao ndege na popo huzisambaza mbegu. Mkaratusi huzaa vikombe vikavu vyenye mbegu ndogo mno, kazi ikabaki kwa upepo.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ikanusurika. Tunachokitia katika pilau si tunda wala mbegu, ni ua ambalo halijafunguka. Likishafunguka limepoteza thamani, ndiyo maana msimu wa kuchuma hauna subira. Na mikono mingi inayochambua karafuu kutoka kwenye makonyo ni ya akina mama, ingawa wanaosifiwa ni wapandaji. Hata makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta.

Hapo kwenye mafuta ndipo nataka tukae, maana mimi ni muuguzi. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujeno, inayotia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo bibi aliyekuambia uume karafuu jino linapouma alisema kweli. Lakini ganzi haizibi tundu. Maumivu yakitulia, usiahirishe safari ya kwa daktari wa meno, na uso ukianza kuvimba nenda siku hiyo hiyo.

Linalonitia hofu ni ile chupa ndogo. Karafuu kavu jikoni haina shida, ila mafuta yake ni kitu kingine kabisa: mtoto mdogo akinywa vijiko viwili vidogo tu anaweza kupoteza fahamu, kupata degedege na kuharibika ini. Mafuta ya mkaratusi nayo ni hivyo hivyo, kijiko kimoja chaweza kumlaza hoi kwa dakika chache. Usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani, hata kama mafua yanamsumbua. Harufu kali inaweza kumbana pumzi. Na kumfunika mtoto kwa blanketi juu ya sufuria ya maji moto yenye majani ya mkaratusi ni kumweka karibu na ajali ya kuungua. Fungia chupa hizo kabatini pamoja na mafuta ya taa. Mtoto akishakunywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue ili waione.

Sasa majani ya mpera. Kila mtaa una mama anayeyachemsha kwa ajili ya kuhara, na sitamcheka. Huko Mexico watafiti waliwapa watu wazima wenye msokoto wa tumbo dawa iliyotengenezwa kwa majani hayo, na maumivu yakapungua mapema zaidi. Hata hivyo, mtoto anayeharisha hafi kwa msokoto, hufa kwa kuishiwa maji. Chai ya mpera hairudishi chumvi na sukari kwa kipimo anachohitaji. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ukisoma kwenye pakiti kiasi cha maji safi, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Endelea kumnyonyesha. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, akikataa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje kesho.

Tunda lenyewe la mpera halina lawama. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina 50 hivi, nasi huwanunulia wagonjwa machungwa na kuacha mapera yaoze chini ya mti! Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, kwa hiyo humfaa sana mama mjamzito mwenye upungufu wa damu. Akila maharage mchana, mpe pera katika mlo huo huo, lioshwe vizuri na lisipikwe, maana moto huipunguza vitamini C.