Kidonge cha Pili Kina Kazi Gani?

Kadi ya kliniki ya mgonjwa wa skizofrenia huanza na haloperidoli peke yake. Miaka ikipita, chini yake huongezwa Artane, kisha diazepamu, kisha kabamazepini. Kila daktari anaongeza, hakuna anayefuta. Desturi hii ina watetezi, na hoja zao lazima zijibiwe, maana anayemeza vidonge hivyo ni ndugu yetu.

Wanasema haloperidoli haitolewi bila Artane. Si kweli. Artane hutibu madhara ya haloperidoli: mikono kutetemeka, misuli kukakamaa. Sauti anazosikia mgonjwa haizigusi. Shingo ikipinda ghafla, apewe dawa ya jamii hiyo mara moja, hapo sina ubishi. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kila mgonjwa apewe kama kinga. Dawa hiyo hukausha mdomo, hufunga choo, huziba mkojo na kudhoofisha kumbukumbu, ilhali ugonjwa wenyewe umeshaidhoofisha. Mtu akitetemeka hadi chai inamwagika, swali la kwanza liwe: dozi ya haloperidoli haiwezi kupunguzwa?

Wanasema tena: sauti hazijaisha, basi aongezewe kabamazepini. Dai hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kabamazepini hulifanya ini livunje haloperidoli upesi, na kiwango chake katika damu hushuka sana. Familia inaamini mgonjwa kaongezewa tiba, kumbe kapunguziwa. Kwanza ijulikane kama anameza dawa kweli, na kama dozi ilitosha kwa wiki kadhaa. Dawa mbili tofauti zikijaribiwa sawasawa na kushindwa, inayofuata ni klozapini. Utafiti wa John Kane na wenzake wa Marekani, 1988, uliwachukua wagonjwa waliokuwa hawajasaidiwa na dawa nyingine: baada ya wiki 6, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Klozapini inadai vipimo vya damu mara kwa mara, kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe. Kabamazepini nayo inaweza, kwa hiyo hazichanganywi.

Wapo wanaokataa dawa za sonona wakidai zitamchafua akili mgonjwa. Mwenye skizofrenia naye hupata sonona, na wengine hufikia kujiua. Utafiti wa Marekani wa 2019, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 80,000, uliona kwamba walioongezewa dawa ya sonona walilazwa kwa nadra kuliko walioongezewa dawa za jamii ya diazepamu. Hauthibitishi kwamba dawa hiyo ndiyo iliyowakinga, lakini unatosha kuondoa hofu ya jumla.

Diazepamu, wanasema, haina neno, inamlaza tu. Kwa siku chache za fujo inasaidia. Ikizoeleka, mwili huidai, na utafiti wa Ufini wa 2012 ulihusisha dawa za jamii hiyo na ongezeko la vifo miongoni mwa wagonjwa wa skizofrenia. Hata hivyo, aliyeitumia kwa muda mrefu asinyang'anywe kwa siku moja: anaweza kupata degedege. Daktari apunguze kidogo kidogo, na tarehe ya kila hatua iandikwe kwenye kadi.