Pamba Haikuuawa na Mitumba



Muhula uliopita hapa chamani tulijadili hoja kwamba mitumba ipigwe marufuku ili pamba ya Kenya ifufuke. Waliounga mkono walishinda, tena kwa makofi mengi. Mimi nilinyamaza kama maji ya mtungini. Kusema kweli, mama yangu huuza mitumba siku za soko, na karo yangu tangu kidato cha kwanza imetoka humo. Mdomo ulinishinda siku ile, basi leo nashika kalamu.

Kwetu Busia, babu alilima ekari mbili za pamba, na ndiyo iliyomsomesha baba. Wazee waliiita dhahabu nyeupe, wala hawakutia chumvi. Katika miaka ya 1980 nchi yetu ilifikisha yapata marobota 70,000 kwa mwaka. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha KICOMI, na Eldoret kulikuwa na Rivatex.

Sasa nisikilizeni. Babu hakuacha pamba kwa sababu ya shati la mtumba. Alipeleka magunia yake, akapewa risiti, akaambiwa arudi mwezi ujao. Akarudi. Akaambiwa arudi tena. Mwaka ukaisha, na wa pili vilevile. Risiti hizo bado zimo sandukuni mwa nyanya, nimezishika kwa mikono yangu, zimekuwa manjano kama majani makavu. Nyanya anasema asubuhi moja babu aling'oa mipamba yote, akapanda mihogo. Alipoulizwa, akajibu kwamba muhogo haujawahi kumwambia arudi kesho.

Mwaka wa 1991 serikali ilifungua soko, wafanyabiashara wa kibinafsi wakaingia. Tulitarajia nafuu, lakini wapi! Utaratibu wa kuwagawia wakulima mbegu na dawa ulivurugika, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Hapo mitumba ikaja kwa wingi, ikawa msumari moto juu ya kidonda. Hilo nakubali. Lakini kidonda kilikuwepo.

Siku hizi wimbo ni mbegu mpya ya Bt, ambayo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Desemba 2019. Mwalimu wetu wa Bayolojia alitufafanulia kwamba imetiwa jeni ya bakteria wa udongoni, na funza wa vitumba akiitafuna hufa. Ni jambo jema, maana babu alikuwa akibeba bomba la dawa mgongoni na kukohoa usiku kucha. Ila mbegu yenyewe ni chotara. Huwezi kuhifadhi ya msimu huu upande ujao, ni kununua kila mara. Tena haiui vidukari, kwa hiyo bomba halijastaafu. Yaani mkulima wa leo anatoa pesa nyingi zaidi kabla hajaona hata ua moja. Huyu akiambiwa arudi mwezi ujao, ataumia kuliko babu!

Wengine watasema eti bei hupangwa ng'ambo. Kweli. Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa hata Brazili ikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani mwaka wa 2002, na ikashinda. Sisi hatuna nguvu hizo. Lakini kumlipa mtu papo hapo kwenye mizani, jamani, hilo nalo linahitaji Marekani? Mbuzi sokoni hulipwa siku hiyohiyo. Simu tunazo, na pesa zaweza kumfikia mkulima kabla hajapanda baiskeli kurudi nyumbani. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, ikazinduliwa upya mwaka wa 2019 na mashine mpya. Mashine hizo zitakula nini, kama wakulima wote wamehamia mihogo?

Baba anafikiria kujaribu robo ekari msimu ujao. Mama hajapinga, amesema tu kwamba hataacha kibanda chake cha mitumba. Nyanya naye alikwenda chumbani, akarudi na zile risiti, akaziweka mezani mbele ya baba bila kusema neno.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu